Turudishe Sindano Mwanzo

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa bendi mliokaa mbele, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mlioingia na ala zenu mikononi: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Kile mlichokisikia mlipokuwa mnatafuta viti hakikuwa redio mbovu. Niliwaona baadhi yenu mkimgeukia kijana wetu wa mitambo kwa jicho la lawama. Msimlaumu, mimi ndiye niliyemwomba apige. Ile ni santuri iliyorekodiwa tarehe 5 Aprili 1923 katika mji mdogo wa Richmond, jimbo la Indiana, Marekani. Wimbo unaitwa "Chimes Blues", na wapigaji ni King Oliver's Creole Jazz Band, watu saba. Ndani ya dakika zake zisizotimia tatu yumo kijana wa miaka 21 ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake anapiga peke yake mbele ya chombo cha kurekodi. Jina lake Louis Armstrong.

Niliipiga bila kuwaambia kwa sababu nilitaka muisikie kama nilivyoisikia mimi siku ya kwanza: kama soko linalosikika kutoka ng'ambo ya mto. Unajua kuna watu, unajua wana shughuli nyingi, lakini huwezi kutofautisha anayeuza na anayenunua. Jioni hii nataka tuvuke huo mto pamoja.

Mimi nimelelewa na neno jazz kabla ya kuijua jazz yenyewe, na nadhani wengi humu ni hivyohivyo. Nyumbani jazz ilikuwa Morogoro Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, NUTA Jazz. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu 1932. Kwa wazee wetu jazz ilikuwa bendi ya dansi yenye ala za kizungu, na muziki wenyewe ulichota zaidi kwenye santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilizoingia Afrika miaka ya 1930 kuliko kwenye New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazz. Sisemi hivyo kuwapunguzia. Wazee walichukua jina wakalijaza muziki wao, na muziki huo ndio ulionilea. Lakini nilipoanza kujifunza tarumbeta nilimuuliza mwalimu wangu jazz ya mwanzo kabisa ilisikikaje, akanijibu kwa ukweli kwamba hapa kwetu hamjui mtu mwenye santuri hizo. Nami sikumpata. Santuri zile zilikuwa kwenye makabati ya watoza wa Marekani na Ulaya, na sisi tulibaki kusoma majina kwenye vitabu, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula vya harusi ambayo hakualikwa.

Leo kila mwenye simu humu ndani anayo ile santuri mfukoni, bila kulipa shilingi isipokuwa bando lake. Jambo hilo bado linanitetemesha. Na kwa sababu ni jambo kubwa, linaniuma kuona linavyotumiwa: kijana anafungua hifadhi yenye maelfu ya rekodi, anasikiliza sekunde 20 za hii, sekunde 15 za ile, anasema "zote zinafanana, zote zinakwaruza," anafunga. Ninalowaomba ni hili: chagueni santuri moja, mkae nayo mwezi mzima. Mimi nimechagua hii ya Aprili 1923, na nitawaonyesha nilivyokaa nayo.

Kwanza mahali pa kuchota. Maktaba ya Bunge la Marekani ina sehemu yake iitwayo National Jukebox, iliyofunguliwa Mei 2011 ikiwa na rekodi zaidi ya 10,000 za kampuni ya Victor, za kati ya 1901 na 1925. Unaandika jina, unabonyeza, unasikiliza. Humo mtaikuta santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazz kuingia sokoni, ya Original Dixieland Jass Band, iliyorekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917. Wakati huo waliandika "jass", kwa s mbili. Upande mmoja ni "Livery Stable Blues", ambamo klarineti inawika kama jogoo, korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, inalia kama farasi, na tromboni kama ng'ombe. Ilinunuliwa sana. Wapigaji walikuwa vijana watano weupe wa New Orleans, na jambo hilo nitalirudia.

Pili, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na hasa kazi yao ya kuhifadhi santuri za zamani, iitwayo Great 78 Project. Hapa nawaomba mnivumilie kidogo kwa sababu ni ufundi ninaoupenda. Mifereji ya santuri za zamani haikuwa na upana mmoja. Kila kampuni ilichimba kwa namna yake. Na santuri nyingi zimeshapigwa mara nyingi na sindano za chuma za gramafoni, zikalika mahali palepale sindano ilipokuwa inapita. Sasa, ukitumia sindano nene kidogo, au nyembamba kidogo, inakaa juu zaidi au chini zaidi kwenye ukuta wa mfereji, mahali ambapo gramafoni ya kale haikugusa. Huko sauti bado ni nzima. Kwa hiyo mafundi wa mradi ule walizisoma santuri kwa sindano nne za vipimo tofauti kwa pamoja, wakaziweka zote, na wewe unaweza kuchagua. Mkikuta rekodi moja ina faili nyingi zinazofanana jina, msidhani ni kosa la mtu. Jaribuni zote. Nimewahi kusikia piano ikitokea kwenye faili ya tatu mahali ambapo kwenye faili ya kwanza kulikuwa na mchakacho mtupu.

Tatu, hifadhidata ya santuri za kihistoria za Marekani iliyoko Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Inaonekana kavu: namba, tarehe, majina. Vijana wengi hawaifiki, nami naipenda kuliko zote. Kila rekodi ilipewa namba ya matriki, yaani namba yake ya utambulisho, siku ilipochimbwa, na mara nyingi namba hiyo inasomeka kwenye santuri yenyewe, imekwaruzwa karibu na lebo. Namba zinafuatana. "Chimes Blues" ni 11387. Ukitazama zinazoizunguka, kuanzia 11383 hadi 11391, unazikuta nyimbo tisa za bendi ileile, za tarehe 5 na 6 Aprili. Yaani kwa namba tu umeshaingia kwenye ratiba yao: tano siku ya kwanza, nne siku ya pili, "Chimes Blues" ikiwa ya mwisho ya siku ya kwanza. Wamechoka. Wamesafiri kwa treni kutoka Chicago. Midomo ya wapiga korneti imeshafanya kazi ya nyimbo nne. Mpiga tarumbeta yeyote humu anajua maana ya hilo, na anajua kwamba kusikiliza solo ya Louis ukiwa umelijua hilo si sawa na kuisikiliza bila kulijua.

Ya nne nitaipitia haraka: Chuo Kikuu cha Tulane, kulekule New Orleans, kina hifadhi ya muziki wa mji huo iliyoanzishwa mwaka 1958, na ndani yake mna mahojiano na wanamuziki wazee waliokuwa bado hai. Mengi yanasikika mtandaoni. Ukitaka kumsikia mzee akieleza kwa mdomo wake mazishi yalivyopigiwa muziki barabarani, nenda huko.

Sasa twende Richmond.

Kulikuwa na kiwanda cha piano, Starr, kilichokuwa pia na lebo ya santuri iitwayo Gennett. Studio ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda, bondeni, na reli ilipita jirani. Treni ikipita, kazi inasimama. Hapakuwa na maikrofoni. Kurekodi kwa umeme kulianza kutumiwa na kampuni kubwa mwaka 1925. Kabla ya hapo kulikuwa na pembe. Pembe kubwa, mdomo wake mpana umewaelekea wapigaji, ncha yake nyembamba imeishia kwenye kiwambo. Sauti inatikisa kiwambo, kiwambo kinasukuma sindano, sindano inachimba mfereji kwenye sahani nene ya nta. Basi. Nguvu yote ya kuchimba ilitoka kwenye mapafu na mikono ya waliokuwa mle chumbani. Nikisikiliza rekodi zile huwa nakumbuka kwamba ule mfereji umechimbwa na pumzi ya Joe Oliver, huyo King Oliver mwenye bendi, bila kitu kingine cha kumsaidia.

Na kwa kuwa hapakuwa na vitufe vya kupandisha huyu na kushusha yule, njia ya kupanga sauti ilikuwa kuwapanga watu. Wa sauti ndogo anasogea karibu na pembe, wa sauti kubwa anarudi nyuma. Lil Hardin, mpiga piano wa bendi, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Louis alikuwa na sauti kubwa kiasi cha kumfunika Oliver, bosi wake, basi wakamrudisha nyuma peke yake, mbali na wenzake, na alionekana ameingiwa na huzuni. Wapo wanaotilia shaka kisa hicho. Mimi namwamini Lil, kwa sababu alikuwapo, alikuwa mwanamuziki aliyesoma, na mwaka uliofuata aliolewa na huyo kijana wa pembeni. Mwanamke huyu, wanangu wa kike, mumtafute. Alitunga, alipanga, alimsukuma Louis aondoke kivulini mwa Oliver. Louis alifariki Julai 1971, na mwezi uliofuata Lil alianguka akafariki jukwaani Chicago, akipiga piano katika onyesho la kumkumbuka.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia katika zoezi lake kwamba jazz ya mwanzo haikuwa na ngoma nzito wala besi. Alikuwa amesikiliza kwa makini. Rekodi zile hazina kweli. Nilimpa alama zake kisha nikamweleza. Ngoma kubwa ikipigwa mbele ya pembe, sindano inaruka na nta inaharibika. Kwa hiyo Baby Dodds, mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa zama zile, alipofika Richmond aligonga vipande vya mbao. Bill Johnson, ambaye kazi yake ilikuwa besi, alishika banjo. Fikirini mtu amrekodi mpiga ngoma wetu mkubwa kuliko wote, amkataze ngoma, ampe sahani na kijiko, halafu miaka mia baadaye mtoto wa nchi nyingine aandike kwamba watu wa hapa hawakuwa na ngoma.

Hilo ndilo somo gumu la hifadhi hizi. Zinatupa kilichoingia kwenye pembe tu. Kule Chicago, ukumbini Lincoln Gardens, bendi hiyohiyo ilipigia watu wanaocheza, na wimbo uliweza kwenda kadiri wachezaji walivyoutaka. Santuri ya inchi kumi ilibeba takriban dakika tatu. Kwa hiyo "Chimes Blues" tunayoisikia imekatwa ienee kwenye sahani, kama nguo ya mtu mzima iliyokatwa ikawa ya mtoto.

Kuna jambo jingine la Richmond ambalo ni lazima niliseme, hata kama linaharibu utamu. Indiana ya miaka ya 1920 ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, kundi lililotesa na kuua watu weusi. Kiwanda kilekile kilichotengeneza santuri za Oliver kilikuwa kikitengeneza pia, kwa malipo, santuri za nyimbo za Klan. Watu saba weusi wanateremka kwenye treni katika mji wa namna hiyo, wanafanya kazi siku mbili, wanarudi Chicago. Katika sauti zao hamsikii woga. Mimi nimetafuta, sikuusikia.

Na hapo ndipo niwarudishe kwa vijana watano wa 1917. Mtu akiziendea hifadhi kwa kufuata tarehe peke yake, atasadiki kwamba jazz ilianzishwa na watu weupe, maana santuri ya kwanza ni yao. Kiongozi wao, Nick LaRocca, alikuja kudai hivyo waziwazi. Lakini tarehe ya santuri inaonyesha nani alifunguliwa mlango wa studio. Buddy Bolden, ambaye wazee wa New Orleans walimtaja kuwa baba wa upigaji ule wa korneti, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, hakutoka, akafia huko 1931. Hakuna sauti yake hata moja tunayoweza kuisikiliza. Bendi ya Kid Ory ilirekodi California mwaka 1922, miaka mitano baada ya ile ya LaRocca. Oliver, 1923. Nafasi kati ya 1917 na 1923 imejaa watu waliokuwa wanapiga kila usiku na pembe haikuwageukia. Mnaposikiliza santuri ya jogoo na ng'ombe, isikilizeni kwa heshima, wapigaji ni hodari, lakini kumbukeni ni nani walikuwa nje ya mlango.

Mlango huo ulifunguliwa kidogo na mwanamke. Agosti 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh, New York, wimbo wa Perry Bradford. Uliuzika mno kwa watu weusi, na kampuni zikagundua kwamba kuna wanunuzi ambao zilikuwa zimewapuuza. Baada ya hapo ndipo mwimbaji Bessie Smith, ndipo Oliver, ndipo wengine wote.

Nizungumze na wapiga ala sasa. Msichukue tarumbeta mkaanza kufuata rekodi hizi noti kwa noti kabla ya kuhakikisha spidi. Tunaziita santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lakini kampuni hazikushika 78 kwa uaminifu. Nyingine zilichimba polepole zaidi, nyingine haraka zaidi. Ukiipiga haraka kuliko ilivyochimbwa, wimbo unapanda na mwendo unaongezeka. Nimekutana na wimbo mmoja kwenye hifadhi mbili tofauti, ukiachana kwa nusu toni nzima. Kijana anakesha akihangaika na funguo ya muziki ambayo mpigaji mwenyewe hakuipiga kamwe. Ukisikia funguo ya ajabu, isiyowafaa wapiga korneti, shuku spidi kwanza. Zipo programu za bure za kupunguza na kuongeza, tumieni.

Kuhusu solo yenyewe ya Louis, nitasema nionavyo na mtanisamehe. Watu wanaitafuta kwa sababu ni ya kwanza, kisha wanashangaa kuwa si radi. Ni mizunguko miwili ya baa (vipimo vya mapigo) kumi na mbili, karibu ileile mara mbili, tuni iliyokwisha kupangwa. Hajatoroka bado. Kinachonishika ni upana wa sauti: hata kama kweli amesimama nyuma kabisa ya chumba, noti zake zinafika zimejaa, kila moja imesimama mahali pake bila kusukumana. Kwa solo ya siku mbili zile, mimi nampa Oliver mwenyewe, kwenye "Dipper Mouth Blues", iliyorekodiwa kesho yake. Mizunguko mitatu, anafunika na kufunua mdomo wa korneti mpaka inakaribia kusema maneno. Wapiga tarumbeta waliinakili kwa miongo. Na mwishoni mwake inasikika sauti ya mtu akipiga kelele kumhimiza apige. Inasemekana Baby Dodds alisahau zamu yake na Bill Johnson akaziba pengo kwa kelele ile. Kosa likabaki kwenye nta, na waliofuata wakalipiga kama sehemu ya wimbo.

Lakini utukufu wa bendi hii haumo kwenye solo. Umo pale wanapopiga wote kwa pamoja, korneti mbili zikienda sambamba bila kugongana, klarineti ya Johnny Dodds ikipanda juu yake kama mmea unaotambaa, tromboni ya Honoré Dutrey ikiziba chini. Huo ndio usemi ambao Louis aliukuta, na ndio alioupita. Mkitaka kujua aliupitaje, sikilizeni "West End Blues", aliyoirekodi Chicago tarehe 28 Juni 1928. Maikrofoni imekwishafika. Anaanza peke yake, hakuna anayemrudisha nyuma. Na mtunzi wa wimbo ule ni nani? Ni Joe Oliver. Mwanafunzi ameuchukua wimbo wa mwalimu wake, mwalimu ambaye meno yake yalikuwa yanamharibikia kinywani, na ambaye alikuja kufa mwaka 1938 huko Savannah, Georgia, akiwa mfanyakazi wa kufagia ukumbi wa mchezo wa pool. Mpaka mwisho wa maisha yake Louis alimwita Papa Joe.

Mwaka huohuo wa 1928, niwakumbushe, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV, naye akiimba kwa Kiswahili mbele ya chombo cha namna ileile. Santuri zake na za Louis zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wanaopatikana India. Sina la kuongeza hapo, ila napenda kulijua.

Mtaniuliza kuhusu haki. Si kila kinachosikika mtandaoni ni ruhusa kukichukua na kukitumia. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia kuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2022. Baada ya hapo zinafuata mwaka kwa mwaka, zikitimiza miaka mia: za 1923 zilifunguliwa Januari 2024. Kwa hiyo "Chimes Blues" kule ni mali ya watu wote. "West End Blues" bado. Agosti 2023 kampuni kubwa za muziki ziliishtaki Internet Archive kwa sababu ya ule mradi wa santuri, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2025. Nawaambia haya msije mkadhani hifadhi hizi ni kama mvua, kwamba zipo tu. Kuna watu wanazilinda na kuzigharimia. Wakati mwingine ukurasa niliouzoea niliukuta haupo tena. Ile iliyo mali ya umma, pakueni, wekeni nakala, pelekeaneni. Kwa simu, chukueni faili ya MP3, wimbo mmoja ni kama MB 3 tu. Zile faili kubwa zisizobanwa zisubirini mpate intaneti ya shuleni.

Na kuweka nakala si jambo dogo. Oktoba 1923 bendi ya Oliver ilirekodi tena kwa Gennett, na mojawapo ya santuri za siku zile, yenye "Zulus Ball" upande mmoja na "Workingman Blues" upande wa pili, imebaki nakala moja tu inayojulikana duniani. Moja. Kama aliyekuwa nayo nyumbani angeitupa siku ya usafi, tusingekuwa nayo. Leo unaisikiliza ukiwa kwenye daladala.

Basi, kazi. Bendi ilikuwa ya watu saba, kwa hiyo tunaisikiliza mara saba, kila mara mtu mmoja. Hapa tupo wengi, tunaweza kugawana. Wazee wangu wa mstari wa mbele, wafuateni Oliver na Louis. Pale piano ya Lil itakapoiga kengele, jiandaeni, Louis anakuja baada yake. Mstari wa pili na wa tatu, Johnny Dodds ni wenu, klarineti, msimwache hata akizama. Mnaokaa upande wa madirisha, shikeni tromboni ya Dutrey. Upande wa mlango, mna kazi ya Lil na ya Bill Johnson, piano na banjo, zinazobeba mwendo mzima na hakuna anayezisifu. Na ninyi wanangu wa nyuma kabisa, viziieni vile vipande vya mbao. Hakuna anayesikiliza mkwaruzo; mkwaruzo muuache upite kama mvua juu ya bati wakati mtu anazungumza nawe.

Kijana wetu wa mitambo, turudishe sindano mwanzo.